"Chuma ni chuma, fundi": dhana potofu kuhusu fremu za zamani za baiskeli

Wiki iliyopita nililetewa fremu ya bluu, nyembamba, viungo vyake vimelehemiwa kwa ustadi. Mwenyewe alikuwa amenunua gurudumu jipya la nyuma lenye kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya gia 10, likakataa kuingia. Akatafuta fimbo ya chuma yenye hesi, akaipitisha kati ya midomo miwili inayoshika ekseli, akaweka nati na washa kila upande, akakaza kuelekea nje mpaka gurudumu likaingia. Kwa maelezo yake tatizo lilikuwa moja tu: gia zinaruka. Nilipomuuliza nani aliyeipanua, akanijibu maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kupita kiasi: "Chuma ni chuma, fundi. Kinapindika tu."

Kinapindika, kweli. Ndiyo sababu naipenda kazi hii. Fremu ya chuma iliyotengenezwa miaka ya 1970 inaweza kupokea gurudumu la leo, jambo usilothubutu kulifanya kwa fremu ya alumini wala ya kaboni. Lakini kukubali kupinda ni jambo moja na kupinda sawasawa ni jambo jingine, na hapo katikati ndipo fremu nzuri zinapoharibikia.

Tuanze na vipimo. Fremu nyingi za mbio za enzi ya gia 5 zina nafasi ya milimita 120 kati ya midomo ya nyuma. Zilipokuja gia 6 na 7, nafasi ikawa 126. Magurudumu ya barabarani ya gia 8 hadi 11 yenye breki za rimu yanataka 130. Ya milimani ya zamani, 135. Kwa hiyo mwenye fremu ya 120 anayetaka gurudumu la 130 anahitaji milimita 10, yaani 5 upande wa kulia na 5 upande wa kushoto. Si 10 popote zitakapopatikana.

Fimbo ya hesi haijui hilo. Inasukuma pande zote mbili kwa nguvu ileile, na mabomba ya nyuma hayana ukakamavu sawa. La upande wa cheni limebonyezwa mahali pake kupisha sproketi, la upande wa pili limebonyezwa mahali pengine, na joto la kulehemu halikuyapata kwa namna moja. Chuma kwanza hujikunja na kurudi kama springi, kisha kikifika kikomo chake hukubali na kubaki kilipo. Bomba linalofika kikomo kwanza ndilo linalopinda, na likishaanza kukubali, lenzake halisogei tena. Unaona nafasi imefika 130 kwenye rula, unafurahi, kumbe upande mmoja umekwenda milimita 8 na mwingine 2.

Kuligundua hilo kunahitaji uzi tu. Funga uzi kwenye mdomo wa kushoto, upeleke mbele uzunguke bomba la kichwa (lile fupi la mbele linaloshika usukani), urudishe mpaka mdomo wa kulia, ukaze uwe kama waya. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Ile ya bluu ilikuwa na milimita 33 kushoto na 30 kulia. Tofauti ya 3 pale kwenye bomba la kiti ni zaidi ya 5 kule nyuma, kwa sababu nyuzi zinazidi kuachana kadiri zinavyorudi. Yaani gurudumu la nyuma halikuwa tena nyuma ya gurudumu la mbele. Cheni ilikuwa inavutwa pembeni, na mwenye baiskeli alikuwa ameshazoea kuendesha akiwa ameegemea upande mmoja bila kujua sababu.

Na huo ni nusu ya uharibifu. Ukivuta mabomba kwenda nje, midomo nayo inageuka. Haitazamani tena uso kwa uso. Ukikaza ekseli kwenye midomo iliyopinda, unailazimisha ekseli ijipinde kuifuata, na kila mkanyago na kila shimo la barabarani vinaikunja zaidi. Watu wananiletea ekseli zilizokatika katikati wakilaumu kiwanda. Mimi naangalia midomo kwanza.

Kazi yenyewe inafanywa upande mmoja mmoja. Fremu inashikwa imara, ubao mrefu unapitishwa ndani, unaegemea bomba la kiti na bomba la nyuma la upande unaotaka kuusogeza, unavuta kidogo, unaachia, unapima kwa uzi. Unavuta tena. Mara tatu nne za mwanzo utadhani hakuna kilichotokea, maana chuma kinarudi chote. Usikasirike ukavuta kwa pupa. Upande wa kwanza ukifika, ndipo unahamia wa pili. Baada ya hapo unasawazisha midomo ili itazamane, na mwisho kabisa unanyoosha sikio linaloshika kibadilisha gia. Ukianza na sikio, utalinyoosha mara mbili, kwa sababu kila ukisogeza mdomo nalo linasogea. Kilichokuwa kikirusha gia kwenye ile fremu ya bluu ni hicho: sikio lilikuwa limeinama pamoja na mdomo wake, na kaseti ya gia 10 haina nafasi ya kuvumilia hata kidogo.

Kuna fremu ambazo sizigusi. Zile za Reynolds 753, kwa mfano, aina ya mabomba ya kampuni ya Reynolds, kuta za mabomba yake ni nyembamba sana na yalipata ugumu wake kwa kupashwa moto kiwandani. Hiyo itafutie gurudumu la kipimo chake. Na kama fremu yako ni 126 na gurudumu ni 130, huenda huhitaji kupinda chochote. Milimita 2 kila upande unazitanua kwa mikono wakati wa kuingiza gurudumu, na chuma kinavumilia. Kero utaipata siku ya pancha tu.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi sauti ikauke: nunua kalipa ya kupimia kabla ya kununua kaseti. Pima nyuma, pima nguzo ya kiti, pima shingo ya usukani, andika kwenye karatasi, ndipo uende dukani.

Kutoka hapo tunaingia kwenye dhana ya pili inayotia hasara: kwamba hesi za ganda la kranki, lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya kranki, ni zilezile duniani kote. Hazikuwa hivyo. Za Kiingereza, ambazo ndizo nyingi, zina kipenyo cha inchi 1.37 na hesi 24 kwa inchi, na kikombe (kipande chenye hesi kinachoshika beringi) cha upande wa cheni hukazwa kinyume. Za Kiitaliano ni milimita 36, hesi 24 kwa inchi, na vikombe vyote viwili hukazwa kawaida. Za Kifaransa ni milimita 35 kwa hatua (umbali kutoka hesi hadi hesi) ya milimita 1, navyo vyote viwili hukazwa kawaida. Sasa piga hesabu: inchi 1.37 ni milimita 34.8. Kikombe cha Kiingereza kinaingia kwenye ganda la Kifaransa, kinashika mizunguko miwili mitatu upande wa kushoto, kisha kinakaza. Mtu anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Hatua ya hesi ni tofauti kidogo, hivyo kila mzunguko anaokaza anasaga hesi za ganda. Kikombe kisipoingia kwa vidole angalau mizunguko minne, simama. Angalia pia upana: ganda la Kiitaliano ni milimita 70, la Kiingereza kwa kawaida ni 68. Na fremu za Raleigh za zamani mara nyingi zina hesi 26 kwa inchi, ambazo hazikubali kikombe cha 24 hata ukiomba.

"Fremu ya miaka 40 imechoka." Hapana. Chuma kina kikomo cha uchovu: mkazo ukibaki chini ya kikomo hicho, hakijali umepanda mara ngapi. Wala hakilegei kwa umri. Ukakamavu wake unatokana na chuma chenyewe na umbo la bomba, na vyote viwili havibadiliki kabatini. Kinachoua fremu ni kutu ya ndani na ajali. Kwa hiyo toa nguzo ya kiti, mulika ndani kwa tochi. Toa ekseli ya kranki, angalia chini ya ganda, ambako maji hukusanyika. Kisha pitisha kidole polepole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya bomba la kichwa. Ukihisi kijimkunjo, hata kama rangi haijapasuka, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Kidole kinahisi mapema kuliko jicho.

"Ina stika ya Reynolds 531, basi ni fremu ya thamani." Reynolds walianza kutoa mabomba ya 531 mwaka 1935 na ni mabomba mazuri kweli, lakini kuna stika zinazosema wazi kwamba ni mabomba matatu makuu tu ndiyo ya 531, na mengine ni chuma cha kawaida. Isome stika yote. Zaidi ya hapo, stika hununuliwa na kubandikwa. Nguzo ya kiti ya milimita 27.2 kwenye fremu ya Kiingereza ni ushahidi bora kuliko stika, kwa sababu inaonyesha ukuta wa bomba ni mwembamba. Ikiingia ya 26 au chini yake kwenye fremu hiyo, tilia shaka.

"Magurudumu ya inchi 27 hayabadilishiki kuwa 700C." Yanabadilishika, na mara nyingi ni mabadiliko mazuri kuliko yote utakayoyafanya. Rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630, ya 700C ni 622. Raba za breki zinahitaji kushuka milimita 4 tu, na unapata nafasi ya kuvaa tairi nene zaidi. Pima kwanza kama mikono ya breki zako inafika. Usichanganye tu na rimu ya 28 ya baiskeli za mizigo, ambayo ni 635.

Nguzo ya kiti ya alumini iliyoganda ndani ya fremu ya chuma haing'olewi kwa kukamata fremu na kuizungusha. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa na kuvimba, na ukitumia fremu kama mpini utapinda mabomba. Mafuta ya kupenyeza, siku kadhaa za subira, na fremu iwekwe juu chini ili mafuta yashuke kupitia ganda la kranki. Ukifanikiwa, paka grisi kabla ya kuirudisha.

Nimeiacha breki ya diski mwisho kwa sababu inanitia hofu zaidi ya kunikera. "Nichomelee tu kishikio cha diski kwenye uma." Siwezi, na naomba asiwepo fundi atakayekubali. Breki ya rimu huusukuma uma sehemu yake ya juu, karibu na taji (pale miguu miwili ya uma inapoungana), na hugawanya nguvu kwa miguu yote miwili. Diski huweka nguvu yote kwenye mguu mmoja, chini kabisa, mahali ambapo watengenezaji waliuchonga uwe mwembamba ili uwe laini barabarani. Juu ya hilo, unataka kuuchomelea kwa umeme ukuta wa bomba ambao pengine haufiki milimita 1, na chuma kama 531 kilikusudiwa kulehemiwa kwa shaba, kwa joto la chini. Kikichomelewa kwa umeme hupoteza uimara pembeni mwa mshono. Uma ukikatika, mpandaji anatangulia na uso.

Unachotaka ni kusimama vizuri. Tafuta breki za rimu za kisasa zenye egemeo mbili na mikono mirefu, zile za milimita 47 hadi 57. Waya mpya, ganda jipya la waya, raba nzuri, rimu ya alumini badala ya ya kromu ambayo ikilowa haishiki. Fremu nyingi za zamani zina tundu jembamba la bolti ya breki, wakati breki za leo hutumia nati inayozama. Upande wa nyuma wa taji la uma, tundu linapanuliwa mpaka milimita 8 kuipokea nati hiyo. Upande wa mbele usiuguse.