Mwekezaji haulizi megawati, anauliza fida

Kila nikisema nafanya kazi ya stima, usambazaji, upande huu wa mashariki mwa Uganda, Tororo na Busia, watu wananiletea swali moja: bwawa la Karuma limeisha, megawati 600, nchi nzima sasa ina zaidi ya 2,000, mbona viwanda havijai huku kwetu? Swali ni la haki kabisa ila linaanzia bwawani, na mwekezaji haanzii huko. Yeye anaanzia kwa sabstesheni (kituo cha kupunguza nguvu ya stima kabla ya kuigawa) iliyo karibu na ploti yake, anauliza imebaki na nafasi kiasi gani na fida, yaani laini inayotoka hapo kwenda kwa wateja, imezimika mara ngapi mwaka jana. Ukimjibu vibaya hapo anarudi Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, basi.

Jinja inaonyesha vizuri. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, na shaba ya Kilembe, kule chini ya Rwenzori, ikawa inapakiwa kwa treni Kasese inavuka nchi karibu yote mpaka Jinja kuyeyushwa, kwa sababu tanuru linakula stima na stima ilikuwa Jinja. Nytil, kiwanda cha nguo, nao wakaja, maelfu ya watu wakapata kazi. Kile watu wanasahau ni kwamba bwawa lilizidi mahitaji ya wakati ule, ikabidi stima ingine iuzwe Kenya, maana mkopo wa turbini haungoji wateja wafike.

Na hapo ndo penye mambo yote. Maji ya Nile hatuyalipii kwa lita, tunalipia bwawa, nguzo, waya, transfoma na riba, na hizo zinalipwa stima ikitumika ama isitumike. Sasa mteja wa nyumbani na Yaka yake (mita ya kulipia kabla) anawasha saa moja jioni, taa, TV, pasi kidogo, saa nne amelala, yaani tumejenga laini nzima kwa ajili ya masaa matatu. Kiwanda cha simenti kinasaga usiku kucha! Kinalipia ile laini wakati wewe umelala. Ndo maana bei za ERA, mamlaka inayosimamia stima, kwa viwanda zinafuata saa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ni ghali, kutoka hapo mpaka saa 12 asubuhi inashuka. Watu wakisikia Rais anaahidi wenye viwanda senti 5 za dola kwa uniti wanasema tajiri anapendelewa, mimi nasema sawa, ni bei ndogo, lakini mteja mkubwa anayechukua stima usiku na mchana ndiye anayeweza kupunguza mzigo kwa wadogo.

Lakini bei peke yake haitoshi. Chukua kiwanda cha plastiki, stima ikipepesa sekunde mbili tu, mashine zinasimama na plastiki inaganda ndani, mafundi wanakaa masaa wakikwangua. Huyo hasaidiwi na senti 5, atanunua jenereta na hesabu yote inaharibika. Kwa hiyo kazi yetu ya kuleta viwanda, ukiniuliza mimi, nusu yake ni kukata miti chini ya laini, kutenganisha fida ya kiwanda na ile ya kijiji, na kubadilisha transfoma kabla haijalipuka. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa mti uliokatwa, na bajeti inajua hivyo.

Nusu ingine ni kutangulia, sabstesheni ifike kabla ya viwanda. Sabstesheni za Namanve South, Luzira, Mukono na Iganga zilijengwa makusudi kwa ajili ya maeneo ya viwanda, na huo ndo mpangilio sahihi. Angalia Arua, mji wa West Nile kule kaskazini-magharibi: soko la Kongo na Sudan Kusini liko mlangoni, watu wa biashara wamejaa, lakini miaka mingi West Nile ilikaa peke yake na kibwawa cha Nyagak cha megawati 3.5 pamoja na jenereta, gridi ya taifa imewafikia 2024. Nani angeleta tanuru pale?

Kuhusu ajira tusidanganyane pia. Kiwanda cha chuma kinameza megawati nyingi na kuajiri watu wachache, cherehani za nguo zinataka stima kidogo na watu wengi sana, kwa hiyo wilaya ikija na hesabu ya megawati tu, mi nauliza ni kiwanda cha nini.

Na wewe mwenye wazo la kinu cha mahindi Bugiri ama Namutumba, usinunue mota kwanza! Njoo ofisi ya karibu ya UEDCL, kampuni ya serikali ya usambazaji wa stima (wao ndo wenye kazi hiyo tangu Aprili 2025), na karatasi inayoonyesha kilowati za mota, itawashwa saa ngapi, na unafikiria kuongeza nini baadaye. Mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano, sita ya kawaida yake, taa za majirani zinafifia na wao wanatupigia sisi. Sema mapema tukuambie kama transfoma ya hapo inabeba, na fundi wako akuwekee sofutistata (kifaa cha kuwasha mota polepole) na kapasita (inayopunguza stima ambayo mota inavuta bure kwenye laini), ni pesa ndogo ukilinganisha na transfoma mpya.