Kipimo cha sukari cha miezi mitatu (HbA1c) kimetoka kizuri, lakini je, sukari imeshuka kweli?

"HbA1c haidanganyi."
Hudanganya, hasa kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na chembe nyekundu kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Zikifa mapema, hazikupata muda wa kunatwa na sukari ya kutosha. Jibu hutoka dogo, ilhali sukari ndani ya damu iko palepale.

Pengo lenyewe si la kupuuza. Aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara huitwa A-. Utafiti mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa, kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, aina hiyo hushusha HbA1c, ambayo husomwa kwa asilimia, kwa takriban pointi 0.8 kwa mwanamume, na 0.7 kwa mwanamke aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Yaani 6.0 ya karatasini inaweza kuwa 6.8, na mstari wa kisukari ni 6.5. Mgonjwa anarudi nyumbani akiambiwa yuko salama.

Kulitambua pengo hili hakuhitaji maabara kubwa. Kwa siku saba pima kwa mashine ya nyumbani kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa (tone lenye mabaki ya embe hupandisha jibu). Tafuta wastani. HbA1c ya 6.7 inalingana na wastani wa kama 8 mmol/L. Wako ukiwa 9.5 au 10, mpelekee daktari daftari lako. Anaweza kuagiza fruktosamini, inayoangalia protini za damu za wiki mbili hadi tatu zilizopita na haitegemei umri wa chembe nyekundu. Kwa utambuzi, sukari ya asubuhi baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa nane (7.0 mmol/L au zaidi), au saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi (11.1 mmol/L au zaidi), ndiyo ya kuaminiwa hapa.

"Basi upungufu huo unakinga kisukari."
Hapana. Umeenea kwetu kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. HbA1c inashuka kwa sababu ya chembe nyekundu, si kwa sababu kongosho linafanya kazi vizuri zaidi.

"Nilipimwa G6PD, ikatoka sawa."
Ulipimwa lini? Chembe changa zina kimeng'enya kingi kuliko zilizozeeka. Ukipimwa mara tu baada ya damu kuvunjika (chembe nyekundu kupasuka kwa wingi), zile dhaifu zimeshakufa na zilizobaki zinatoa jibu zuri la uongo. Subiri kama miezi mitatu. Hata baada ya kuongezewa damu ni hivyo hivyo. Jeni iko kwenye kromosomu X, hivyo mwanamke mwenye nakala moja yenye kasoro huwa na mchanganyiko wa chembe nzima na dhaifu. Vipimo vya ndiyo au hapana hunasa walio chini ya asilimia 30 hivi ya utendaji wa kawaida na kumwacha yeye. Aombe kipimo kinachotoa kiwango kwa namba.

"Usile maharage."
Kula. Yanayoweza kuvunja damu ni yale yanayoitwa ful (fava) huko Ghuba. Maharage yetu, kunde na choroko havimo.

"Dawa zote za sukari ni hatari."
Metformini haina tatizo hili la kuvunja damu. Tahadhari imeandikwa kwenye kundi la glibenklamidi na glimepiridi, ingawa damu kuvunjika kwa sababu yake ni nadra. Usiiache dawa mwenyewe: mwambie daktari kuhusu G6PD, na pia kabla ya kupewa primakwini (ya malaria) au dapsoni (ya ukoma). Mkojo ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, macho yakawa ya manjano na pumzi ikakatika siku chache baada ya kuanza dawa mpya, nenda hospitali siku hiyohiyo, na pakiti za dawa mkononi.