Alizeti ya haibridi na ukame: angalia katikati ya kichwa

Nikiwaambia watu hapa Nairobi natengeneza mbegu ya alizeti ya kuvumilia ukame, wengi wanafikiri natafuta mmea usiokufa. Lakini alizeti haifi kirahisi, mzizi wake mkuu unaweza kushuka hata mita 2 kufuata maji, mvua ikikatika kule Ukambani utaikuta bado imesimama na mahindi ya jirani yashakunja majani. Shida ni ukipura unapata mapepe.

Kichwa kimoja kina vijiua mamia, vinafunguka duara kwa duara kutoka pembeni kwenda katikati, sasa kiangazi kikipiga wakati huo au mbegu zikiwa zinajaa, katikati ndio huumia zaidi. Ndio maana nikiingia kwenye ploti nabonyeza mbegu za katikati kwa kidole gumba, zikibonyea tu, hiyo laini (yaani ukoo wa mbegu) nimeshaitilia shaka.

Kupata haibridi yenyewe, yaani mbegu ya kupandanisha mama na baba wa laini tofauti, si kazi ya mkono, kwa sababu kila kijiua kina dume na jike pamoja, utavikata madume vingapi? Mwaka 1969 Mfaransa Leclercq alipandanisha alizeti na ndugu yake wa porini, Helianthus petiolaris, akapata mimea isiyotoa chavua, na 1970 Mmarekani Kinman akapata jeni (kirithi) ya kuirudisha hiyo chavua. Kwa hivyo tunatunza laini tatu: mama asiye na chavua, ndugu yake mwenye chavua wa kumwendeleza, na baba mwenye hiyo jeni. Mama na baba wanapandwa mistari kando kando, nyuki wanafanya kazi (chavua ya alizeti ni nzito na inanata, upepo hauibebi vizuri), tunavuna mistari ya mama peke yake. Na tafadhali usirudishe shambani mbegu uliyovuna kwa haibridi, karibu robo ya mimea itatoka bila chavua na urefu utakuwa kila mmoja na wake.

Sasa kuchagua. Ukichagua kwenye shamba kavu peke yake utaishia na vimea vifupi vya kukomaa haraka, vinaukwepa ukame sawa, lakini mwaka wa mvua nzuri havina cha kuongeza, na mkulima hajui msimu utakujaje. Mimi napanda laini zile zile pande mbili, kwa maji na bila maji, nachukua zinazozaa vizuri kote. Pia kuna alizeti ya porini ya Texas, Helianthus argophyllus, majani yake yana manyoya meupe kama fedha, huko naona tumaini kubwa sana, ila inakuja na matawi na vichwa vidogo vidogo tele, inabidi kurudisha damu ya alizeti ya shamba kizazi baada ya kizazi.

Kitu kinachosahaulika ni ile laini ya mama. Ni laini dhaifu tayari, akishindwa na kiangazi kwenye shamba la mbegu tunavuna kidogo, na pakiti inamfikia mkulima wa Makueni kwa bei asiyoiweza hata haibridi iwe nzuri namna gani.