Bega, vidonge na kaye: maumivu ya nyumbani baada ya jeraha la ubongo

Wagonjwa wengi ninaowafuata majumbani hapa Goma waliumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki: motari mwenyewe, au abiria aliyepakiwa wa pili nyuma bila kofia. Wakitoka hospitalini, familia huniuliza kwanza atatembea lini. Habari ya maumivu huja baadaye, tena huja kama mashtaka: "Docta, amekuwa mkali. Hataki mazoezi. Ukimgusa tu anapiga kelele." Mimi si docta, ni kine, yaani mtu wa tiba ya mazoezi ya viungo, ila nimechoka kulisahihisha hilo. Nikisikia mashtaka hayo naanza kutafuta panapomuuma.

Mara nyingi si pale watu wanapodhani. Ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Kinachouma kichwani ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, ngozi ya kichwa na misuli ya shingo iliyotikiswa siku ya ajali. Na maumivu yanayomzuia mtu kuamka kitandani, kwa ninavyoyaona, mengi yako chini ya shingo: bega, kiwiko, nyonga, tumbo lililofunga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuyatuliza iko mikononi mwa mke, mama, kaka na jirani, kabla mtu hajafika farmasi.

Bega kwanza, kwa sababu ndilo tunaloharibu zaidi. Mfupa wa juu wa mkono umeegemea kikombe kifupi sana, na misuli ndiyo inayouzuia usishuke. Upande mmoja wa mwili ukilegea, misuli hiyo nayo hulegea, mkono ukabaki unaning'inia. Mkono mzima ni karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, ni kama kilo 3 zinazovuta bega kutwa. Halafu ongeza namna tunavyowainua wagonjwa. Mama anasimama mbele ya kitanda, anakamata kiganja cha mkono uliolegea, anahesabu moja, mbili, tatu, anavuta. Jioni mgonjwa hataki kuguswa. Kesho yake anamsukuma kila anayekaribia, na sisi tunasema ajali imembadilisha tabia.

Namna ninayoonyesha ni hii. Mgeuze alalie ubavu wenye nguvu, magoti yamekunjwa, miguu ishuke nje ya kitanda. Kiganja chako kimoja kiwe nyuma ya bega, kwenye mfupa bapa wa mgongoni, kingine kwenye nyonga. Asukume godoro kwa mkono wake wenye nguvu, nawe uongoze tu. Mkono uliolegea umelala mbele ya tumbo; hakuna anayeushika, hakuna anayemtia mikono makwapani kumnyanyua. Akikaa, mkono upate pa kulala: mto juu ya mapaja, au ubao juu ya bido (dumu) iliyojazwa maji. Akisimama kutembea, kikwembe kilichokunjwa pembetatu kiubebe. Akirudi kukaa kivueni, maana kikibaki kutwa kiwiko hukakamaa kikiwa kimekunjwa. Na ile kamba iliyopitishwa juu ya boriti ili mkono wenye nguvu uuvute juu ule uliolegea, ishusheni leo. Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana kazi, kumbe inasaga bega.

Wengine shida yao si kulegea, ni kukakamaa: ngumi imefunga, kiwiko kimekunjwa, mguu umenyooka haukunjiki. Mkakamao ukizidi ghafla, tafuta kinachouchokoza kabla ya kuomba dawa. Kibofu kimejaa. Choo hakijatoka siku kadhaa. Kuna kidonda cha kulalia penye mfupa wa kiuno ambacho hakuna aliyemgeuza mgonjwa akakitazama. Kijana mmoja wa Mugunga mguu wake ulikuwa ukiruka usiku kucha, nyumba nzima hailali. Tulipomvua soksi tukakuta ukucha wa kidole gumba umeingia nyamani, pembeni kuna usaha. Yeye hawezi kusema tangu ajali; mguu ulikuwa unasema kwa niaba yake.

Hapa niseme neno kuhusu mafundi wa mifupa wanaokanda kwa mafuta ya moto. Wapo wenye mikono mizuri, na kukandwa polepole kunastarehesha. Ila kiungo kilichovimba na kupata joto baada ya jeraha la ubongo, hasa nyonga au kiwiko, hakilazimishwi. Huenda kuna mfupa mpya unaoota ndani ya nyama mahali pasipo pake, na kadiri unavyokivuta kwa nguvu ndivyo unavyokiumiza. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, hicho hata usikikande: huenda damu imeganda mshipani, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Sasa kichwa. Maumivu ya kichwa yanayoletwa na ajali kwa kawaida huanza ndani ya siku 7 tangu kuumia au tangu fahamu kurudi, na kwa wengi hupungua kidogokidogo. Yakivuka miezi 3 huhesabiwa kuwa ya kudumu. Lakini kati ya hao wa kudumu, wapo wanaougua vidonge vyenyewe. Mtu anameza parasetamoli asubuhi, mchana diklofenaki, jioni kile cha mchanganyiko kinachouzwa kimojakimoja kwenye butike. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au tramadoli na zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa muda wa zaidi ya miezi 3, kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya dawa hizo zenyewe, na ukimeza tena kinatulia saa chache tu. Isitoshe, vile vya mchanganyiko mara nyingi vina parasetamoli ndani. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwembamba aliyedhoofika, au mwenye ini bovu, apewe pungufu. Ukichanganya bila kusoma karatasi unapita kipimo bila kujua.

Tramadoli naichukia zaidi katika kundi hili. Ubongo ulioumia tayari unaelekea kwenye kifafa, na tramadoli inakisogeza karibu. Vijana wanaipata kirahisi mno mjini humu. Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine kwa maumivu ya neva, yale ya kuungua na kuchomachoma ambapo hata shuka likigusa ngozi mtu anaruka: amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini. Hiyo ni kazi ya daktari, si yangu wala ya muuza butike. Na anayemeza fenobarbitali ya kifafa asiiache ghafla eti kwa kuwa ameona nafuu.

Kuna chanzo kingine ambacho hakina kidonge: kelele na uchovu. Mgonjwa akirudi nyumbani, parsela (kiwanja) nzima inakuja kumpa pole. Shangazi, wenzake wa kazi, kikundi cha maombi na spika yao. Ni upendo, na sitaki watu waache kuja. Ila ubongo unaopona huchoka upesi, na kichwa hulipuka baada ya saa ya tatu ya wageni. Nilimwomba mama mmoja wa Katindo anunue kaye ya shule, yaani daftari, aandike kila maumivu yanapoanza: saa, mahali, kilichokuwa kikifanyika kabla, kidonge gani. Asiyeweza kutaja kiwango aonyeshe kwa vidole, kuanzia ngumi iliyofungwa hadi vidole kumi. Asiyesema kabisa, andika uso wake na jasho lake. Kaye ile ilitufumbua macho: kichwa kilikuwa kinauma kila Jumapili mchana. Baba wa nyumba, ndiye mgonjwa, alikuwa anabebwa kwa pikipiki juu ya mawe hadi kanisani, anakaa mbele karibu na spika. Tulimhamishia benchi la nyuma karibu na mlango, aende ibada ya kwanza, kisha alale. Vidonge vya Jumapili vikapungua.

Mawe yenyewe ni hadithi nyingine. Lava ya volkano iliyomwagika mjini Januari 2002 bado tunaikanyaga, na hakuna kiti cha magurudumu kinachoipenda. Ndiyo maana kumfundisha mtu kutembea kwenye sakafu laini ya hospitali peke yake haitoshi. Lazima azoee njia yake mwenyewe, ya kwenda chooni na kwa jirani. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza utengamao wa kijamii, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo hukohuko anakoishi, tangu enzi za mkutano wa Alma-Ata wa 1978, na mwongozo wake wa 2010 unaiweka afya bega kwa bega na elimu, riziki, maisha ya jamii na watu kujitetea. Motari asiyeweza tena kuendesha akipata meza ya kuuzia vocha za simu mbele ya parsela, anapata pia sababu ya kukaa wima saa kadhaa, na bega lake linafanya kazi bila mimi kuwepo. Afanye dakika chache, apumzike kabla maumivu hayajapanda, arudie. Anayejikaza siku moja nzima kwa sababu ameamka vizuri hulala siku mbili zinazofuata.

Haya yote ni kwa maumivu tunayoyafahamu. Yakigeuka, mambo ni mengine: kichwa kinachozidi siku hadi siku, kutapika, usingizi usioamshika, mboni moja kubwa kuliko nyingine, udhaifu mpya wa mkono au mguu, kifafa cha kwanza. Kwa wazee na wanywaji pombe, damu huweza kukusanyika polepole chini ya utando wa ubongo na kujionyesha wiki kadhaa baada ya kuanguka ambako kila mtu ameshakusahau. Hapo msingoje siku yangu ya kupita. Tafuteni gari, si pikipiki, mwende hospitali usiku uleule, na kaye muichukue.