Ujumbe wa Kliniki Kwenye Simu Inayopitia Mikono Mingi

"Mambo?" Neno hilo ndilo walilotumiwa kila wiki wagonjwa walioanza ARV katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2010. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akinyamaza, alipigiwa simu. Waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa kuliko wenzao. Kwa upande wa usiri, uzuri wake ni mwingine: shemeji au fundi simu akiusoma, haambulii kitu.

Ulinganishe na "Usisahau ARV zako kesho." Ni kweli SMS haifichwi kwa msimbo kutoka simu hadi simu, lakini siri nyingi hazivujii mitamboni. Zinavujia mezani, simu ikichajiwa, kioo kikiwaka.

Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Arifa, tafuta arifa za skrini iliyofungwa, uchague kuficha maudhui nyeti. Weka pia PIN ya laini. Bila hiyo, mtu akiichomoa na kuitia kwenye simu yake, jumbe zitakazofuata zitamfikia yeye, pamoja na nambari za uthibitisho. Mulika mwizi nyingi hazina pa kuficha arifa, hivyo kinga iko kwenye maneno yenyewe. Kabla hujaandikisha nambari, uliza: mtaniandikia nini, na kwa jina gani la mtumaji? Ujumbe wenye adabu uliotumwa kwa jina la kliniki ya VVU umeshasema yote.

Ukibadilisha laini, iarifu kliniki. Laini iliyolala miezi kadhaa hufungwa, na nambari yake hupewa mteja mwingine, ambaye ataanza kupokea tarehe zako.

Wahudumu nao wana lao: picha ya kadi ya mgonjwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Msimbo huilinda njiani tu. Ikifika hujihifadhi kwenye matunzio ya simu ya kila mwanakikundi, na huenda ikapanda Google Photos bila mwenye simu kujua. Zima uhifadhi huo kwenye mipangilio ya gumzo, na utumie nambari ya faili badala ya jina.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Zikiangukia mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara, kituo kinapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kijue. Simu yenye orodha ya wagonjwa ikigundulika imepotea Ijumaa jioni, muda unaisha Jumatatu jioni.