Kwa Nini Watoto wa Uingereza Hupanda Vitunguu Saumu Baridi Inapobisha Hodi?

Oktoba iliyopita mpwa wangu, anayesoma shule ya msingi mashariki mwa Uingereza, alinitumia picha ya tuta lililochomekwa vijiti kwa mistari. Klabu ya bustani ya shule yao ilikuwa imepanda vitunguu saumu. Miti ya nyuma ilikuwa imebaki matawi matupu, na mwenyewe kajifunga skafu hadi puani. Chini ya picha aliandika: "Mjomba, mwalimu anasema kama tungengoja joto lirudi, visingegawanyika."

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mwalimu wake amechanganya mambo. Watu hupanda vuli kwa sababu ya mvua, nikamweleza, na hiyo habari ya kugawanyika sijui kaitoa wapi.

Sasa ngoja nieleze nilivyokosea, maana nilikosea mara tatu mfululizo.

Kosa la kwanza lilianzia kwenye neno. Vitabu vyetu huyapa majira ya Ulaya majina ya kwetu, na yale ya majani kupukutika hubandikwa jina la vuli. Lakini kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua zile fupi za Oktoba hadi Desemba, na mvua ni jembe begani. Nikasikia "wamepanda vuli" nikaona mawingu. Mashariki mwa Uingereza hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam, nazo hutawanyika miezi yote, manyunyu hapa na manyunyu pale. Hakuna msimu wa mvua wa kuwahi. Kwa hiyo mvua si jibu.

Nilipobanwa nikahamia kwenye la pili: basi wanawahi ili mizizi ishike kabla udongo haujapoa. Hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu lilinidanganya muda mrefu zaidi. Punje iliyopandwa Oktoba kweli hutoa mizizi mapema. Ila kama jambo lingekuwa mizizi tu, punje iliyopandwa joto linaporudi ingezaa kitunguu kilekile, kidogo zaidi basi. Sivyo inavyokuwa. Mara nyingi iliyokosa baridi huzaa bonge moja la mviringo, kama kitunguu maji kidogo, lisilo na punje hata moja ndani yake. Halijagawanyika. Mwalimu alisema neno lilelile, mimi nikalicheka.

La tatu lilikuwa dogo: kudhani kwamba punje iliyo ardhini wakati wa baridi imelala tu, kama mahindi ghalani, ikisubiri kuamshwa. Ukweli ni kwamba ina kazi inafanya. Inahesabu baridi.

Wanasayansi huliita jambo hili venalaizesheni: mmea kuhitaji wiki nyingi za baridi kabla ya kuvuka kutoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine. Wakulima walilijua zamani kupitia ngano na shayiri, na mwaka 1918 Mjerumani Gustav Gassner alichapisha majaribio yake ya kuipoza nafaka. Miaka kama kumi baadaye Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo wa Umoja wa Kisovieti, akalikuza jambo hilo kupita kiasi, akidai kwamba mmea uliopozwa huwarithisha watoto wake athari ya baridi. Nitarudi kwake, kwa sababu alipokosea panapendeza.

Mmea ambao umechunguzwa kuliko yote ni Arabidopsis, kijigugu cha ukoo wa kabichi ambacho hakiliwi wala hakiuzwi. Kina jeni iitwayo FLC, na kazi ya FLC ni kukataa. Maadamu inafanya kazi, mmea hautoi maua.

Fikiria baraza la posa lenye wazee elfu moja. Kila seli ya mmea ni mzee mmoja, na kila mzee ana jibu moja tu kinywani: "Bado." Hapa ndipo wengi hudhani kwamba baridi huwalainisha wazee wote kidogo kidogo, leo wote wakubali robo, kesho nusu. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya John Innes mjini Norwich, wakiwamo Caroline Dean na Martin Howard, walionyesha kwamba haiendi hivyo. Hakuna mzee wa nusu. Kila mmoja ama anakataa kabisa ama amekubali kabisa, na kinachobadilika kadiri wiki za baridi zinavyopita ni idadi ya waliokubali. Ukiutoa mmea kwenye baridi katikati ya safari, utakuta seli hii imenyamaza na jirani yake bado inabisha. Aliyekubali harudi nyuma hata jua liwake, na seli zinazozaliwa kutoka kwake hurithi jibu lake. Wakishatosha, harusi inafungwa: mmea unatoa maua.

Lakini baridi yenyewe inahesabiwaje? Mmea hauna kalenda. Na usiku mmoja wa baridi Septemba, ukifuatwa na wiki ya jua, haupaswi kuudanganya.

Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2020, tena huko huko Norwich, na nakiri kwamba niliisoma mara mbili kwa furaha. Kuna protini iitwayo NTL8. Seli huitengeneza bila haraka, nayo haiozi upesi. Iweke akilini kama sharubati ndani ya mtungi. Siku za joto mmea unakua, na kukua ni kama wageni kuendelea kuingia: kila wakiongezeka unaongeza maji, na sharubati inabaki nyepesi daima. Baridi ikija mmea karibu unasimama kukua. Wageni hawaji tena. Maji hayaongezwi, na sharubati iliyokuwa ikimiminwa tone kwa tone sasa inazidi kuwa nzito wiki hadi wiki. Ikifika uzito fulani huiamsha jeni nyingine, VIN3, ambayo ndiyo husaidia kuwanyamazisha wale wazee. Kwa maneno mengine, mmea unapima urefu wa majira ya baridi kwa uvivu wake wenyewe wa kukua. Siku mbili tatu za joto huongeza maji kidogo tu, hazimwagi mtungi.

Na Lysenko? Mbegu mpya inapoumbwa, FLC huwashwa upya. Wazee wote wa kizazi kipya huanza na "Bado" kana kwamba babu zao hawakuwahi kukubali. Alichodai kuwa kinarithishwa ndicho hasa mmea unachokifuta.

Hapa inabidi nipunguze mwendo. Kitunguu saumu si Arabidopsis. Hata ngano, ambayo nayo husubiri baridi, hutumia jeni tofauti, ikiashiria kwamba mimea iligundua hila hii zaidi ya mara moja. Tunachokijua vizuri kuhusu kitunguu saumu ni tabia yake: kipe wiki kadhaa za nyuzi kati ya 0 na 10 za Selsiasi, kisha mchana mrefu na joto, nacho kitagawanyika. Urefu wa mchana nao una sauti, kwa hiyo baridi si fundi pekee. Namna inavyofanyika ndani ya seli zake haijafunuliwa kwa undani kama ya lile gugu.

Tulipu, ambazo klabu hizo hizo huzifukia ardhini mwezi Novemba, zina kisa chao. Ukipasua tunguu la tulipu vuli hiyo utaliona ua dogo limekwisha kuumbwa ndani, petali na vyote. Baridi hailiumbi ua. Inaliandalia shingo. Tulipu iliyokosa wiki kumi na kitu za baridi huchanua chini karibu na udongo, kama mtu anayetoa hotuba akiwa amechuchumaa, au hunyauka kabla haijafunguka. Kungoja Novemba kuna faida nyingine: udongo uliopoa hupunguza ukungu unaounguza majani yake. Kazi nyingine za klabu msimu huo hazina fumbo kubwa: kukusanya majani ya kuoza kuwa mboji, kuvuna maboga, kupaka jembe mafuta. Na kuandika vibao, jambo ambalo si urembo. Mwaka 2009 huko Suffolk tunguu la narsisi, ua la bustani, ambalo ni sumu, liliingia kwenye supu ya darasa la mapishi likidhaniwa kitunguu, na watoto wakaugua.

Turudi kwetu, ambako hakuna theluji ya kusubiri. Kitunguu saumu cha Tanzania hutajwa sana na Mbulu, na si kwa bahati: ni nyanda za juu, na usiku wa kipupwe huko unauma. Mbegu zinazolimwa kwenye ukanda wa joto pia hudai baridi kidogo kuliko za Ulaya. Ukishuka pwani mambo hubadilika. Kabichi, binamu wa lile gugu la Norwich, inaweza kukaa bustanini miezi na miezi huku chini bila kutoa ua hata moja. Hakuna ua, hakuna mbegu, na hiyo ni moja ya sababu mbegu zake hununuliwa kwa pakiti.

Wabrazili walichoka kusubiri mlima. Wakulima wa maeneo yao ya joto huweka mbegu ya kitunguu saumu kwenye vyumba vya baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, wakiipatia majira ya baridi ndani ya kreti. Wakizidisha muda huo, kitunguu huchipua ovyo kabla ya wakati wake, kwa hiyo hata baridi ina kipimo.

Nilimwomba mpwa wangu msamaha, akauliza kama ningemwomba na mwalimu. Kisha nikaweka punje 12 kwenye friji, ndani ya mfuko wa karatasi ulioandikwa MBEGU, nizipande kwenye ndoo uani baada ya wiki nane. Najua mchana wa Tanga haurefuki vya kutosha na huenda nikavuna majani matupu. Hii ni wiki ya tano. Jana, siku moja baada ya pilau la Ijumaa, nimehesabu nikakuta zimebaki 7.