Gramu 20 na nusu debe la mahindi: ganda la tapeti zinazobadili mwendo wa valvu

Wateja wengi wanaofika karakanani kwangu hapa Dodoma wanaijua tapeti, kipande kinachoisukuma valvu (mlango wa hewa wa injini) ifunguke, kwa kelele zake: gari likiwashwa asubuhi linagonga, na fundi anasema tapeti zisetiwe. Ninayotaka kuieleza leo haisetiwi kwa bisibisi. Ni tapeti ya kikombe inayobadili mwendo wa valvu, yaani umbali ambao valvu inafunguka, injini ikiwa inazunguka, na zaidi nitazungumzia ganda lake la nje, kwa sababu hapo ndipo mbunifu hupata taabu kubwa ya kupunguza uzito.

Ndani ya kikombe kikubwa, ambacho ndicho ganda, kuna kikombe kidogo. Kemshafti, mhimili unaozisukuma tapeti, ina nundu tatu kwa kila valvu: ya katikati ni fupi na hukandamiza kikombe kidogo, ilhali mbili za pembeni ni ndefu na hukandamiza ukingo wa ganda. Pini iliyo kati ya vikombe hivyo ikiwa imerudi nyuma, ganda hupanda na kushuka bure juu ya springi yake, na valvu hufuata nundu fupi peke yake. Shinikizo la oili likiisukuma pini ivuke kutoka kikombe kimoja hadi kingine, vyote viwili hufungamana na valvu hufuata nundu ndefu. Porsche waliutumia mpangilio huu kwenye 911 Turbo iliyotoka mwaka 2000, wakiuita VarioCam Plus, na mwendo wa valvu ya kuingiza hewa ulibadilika kutoka milimita 3.6 hadi takribani milimita 10. Hapa mjini hutaiona Porsche mara kwa mara, lakini Subaru Legacy 3.0R ya silinda sita inatumia tapeti za ukoo huohuo.

Tatizo ni kwamba vikombe viwili, pini na springi za ziada ni mzigo ambao tapeti ya kawaida haina. Tuchukue injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ikifunguka milimita 10 ndani ya nyuzi 240 za mzunguko wa kranki (mhimili mkuu wa injini). Kwa hesabu ya wimbi rahisi, valvu inapofika kileleni na kuanza kurudi, mchapuko wake unakaribia mita 4,400 kwa sekunde mraba. Ukiondoa gramu 20 tu kwenye tapeti, umeipunguzia springi ya valvu, ambayo ndiyo huirudisha valvu pamoja na tapeti yake, karibu niutoni 90, yaani uzito wa kilo 9, ambao ni kama nusu debe la mahindi ya Kibaigwa, kwa kila valvu. Zaidi ya hapo, nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mzunguko, kwa hiyo ukitoka 3,000 kwenda 6,000 inakuwa mara nne. (Uzito ninaouhesabu ni wa kitu kinachotembea.)

Jibu la haraka ni aluminiamu, ambayo uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau: silinda hedi, yaani kichwa cha injini zinamokaa valvu na tapeti, nayo ni ya aluminiamu, kwa hiyo ganda la aluminiamu lenye kipenyo cha milimita 35 hutanuka sambamba na tundu linamokaa, ilhali la chuma, joto likipanda nyuzi 90, huacha nafasi ya ziada ya karibu mikroni 35 (sehemu 35 za elfu za milimita), ambamo oili ya kuisukuma pini huvuja. Hata hivyo ugumu wa aluminiamu dhidi ya kupinda ni theluthi tu ya ule wa chuma, nundu za kemshafti hula uso wake, na tundu la pini hupondeka upesi. Ukilitia bushi ya chuma, sehemu ya uzito uliookoa inarudi.

Kwa maoni yangu njia bora ni chuma chembamba: bati linalokandamizwa kwa presi hadi liwe kikombe, kisha linakomazwa uso wake kwenye tanuri. Ukuta wa chini, ambao kazi yake ni kuongoza tu, unaweza kupunguzwa sana na hata kukatwa madirisha. Pasipoguswa ni mkanda unaolizunguka tundu la pini, kwa kuwa nguvu yote ya nundu ndefu hupita hapo, kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Mwaka jana niliifungua tapeti ya Legacy iliyokuwa imejazwa oili nzito kuliko kiwango cha kiwandani, kwa imani kwamba inavumilia joto na vumbi letu. Ukuta mwembamba wa ganda ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Mdomo wa tundu la pini, ambao unapaswa kuwa mkali, ulikuwa umeviringika upande mmoja kama kona ya sabuni iliyotumika. Oili nzito huchelewa kufika, pini inaingia nusu, nundu ndefu inaikuta hapo na kuitoa kwa nguvu, na kila ikitoka hivyo inaondoka na chembe ya chuma. Mwenye gari aliniomba nilichonge tundu hilo upya. Nilikataa, kwa sababu tundu likipanuka pini hucheza, na mkanda wenyewe haukuachiwa nyama ya kuchongwa mara ya pili.